Mzinga Usio na Mlango

Simu ya Inspekta Minza iliita tena gari lilipoiacha Sikonge. Alitazama kioo chake, akapokea.

"Umefika?" aliuliza mkuu wake wa upelelezi.

"Bado, Afande. Tunaelekea Ipole."

"Gari la mahabusu linatoka hapa mchana huu kwenda Tabora. Nataka mtuhumiwa awe ndani yake. Dereva alikuwa na ufunguo. Dereva alitamka mbele ya watu kwamba atamzika. Marehemu mwenyewe alipiga kelele akataja kabila la dereva. Unataka nini kingine?"

"Nataka kuiona mashine ikifanya kazi. Kwenye jalada kuna picha tu."

"Ni trekta, Minza."

"Ndiyo, Afande."

Simu ikakatwa. Minza aliiweka juu ya jalada lililokuwa mapajani mwake, akaiondoa, akafungua ukurasa uleule aliokuwa akiusoma tangu asubuhi.

Nyuma yake aliketi Erasmus, dereva wa Kituo cha Nyuki Mtakuja, mikono yake mikubwa ikiwa ndani ya pingu. Pembeni yake alikuwa Sajenti Vedasto, kijana wa Bukoba ambaye ndiye aliyeandika maelezo yote ya jalada lile, kwa mwandiko mzuri. Juzi asubuhi fundi wa kituo, Modest, alikutwa amefariki, kifua kimepondwa na kijiko cha trekta alilokuwa akilitengeneza. Kabla ya adhuhuri Vedasto alikuwa amemkamata Erasmus msituni, peke yake kati ya mizinga, ufunguo wa trekta ukiwa mfukoni mwake. Kosa lilikuwa la mauaji. Mauaji hayana dhamana, na wako watu waliokaa mahabusu wakisubiri kesi kama hiyo mpaka watoto wao wakaoa.

"Afande," alisema Erasmus. "Wanamzika leo?"

"Alasiri."

"Nani atamlaza?"

"Nyamaza," alisema Vedasto.

Minza aligeuka akamtazama Erasmus, lakini yule alikuwa ameshaelekeza macho dirishani, kwenye miti ya miyombo iliyokuwa ikipita upesi, majani yake yakiwa yamekauka kwa kipupwe.

*

Kituo kilikuwa na majengo mawili marefu na uwanja wa mchanga. Trekta lilikuwa palepale lilipokuwa juzi, limezungushiwa utepe wa polisi. Minza alilitarajia kubwa zaidi. Kimo chake kilikuwa cha punda, rangi yake ya machungwa ilikuwa imepauka, na mbele lilikuwa na mikono miwili ya chuma iliyobeba kijiko kipana cha kuzolea mizigo. Mtawa mmoja mzungu alikuwa amelileta miaka ya sabini kwa ajili ya bustani ya misheni. Lilipoachwa bila mwenyewe, warina asali walilichukua, kwa sababu moja tu: lilitumia betri. Halikuwa na moshi wala ngurumo, na nyuki waliliacha lipite kama walivyomwacha mbuzi apite. Watu walilipa jina la Bubu.

"Mfungue pingu," Minza alimwambia Vedasto.

"Afande, kanuni—"

"Simama karibu yake. Mfungue."

Erasmus alijisugua vifundo vya mikono. Hakulisogelea trekta. Alisimama nje ya utepe akilitazama chini ya kijiko, kisha kushoto, kisha kulia, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta kiti kimehamishwa.

"Gogo liko wapi?" aliuliza.

"Gogo gani?" alisema Vedasto.

"Gogo la Modest. La mninga. Haingii chini ya kijiko bila gogo."

Minza alizitoa picha za tukio. Mchanga, gunia, spana, kopo la grisi, miguu ya marehemu. Hapakuwa na gogo. Alimwonyesha Erasmus, na Erasmus akazipitia zote, akarudia kuzipitia.

"Basi mtu amelitoa," alisema.

"Au marehemu hakuliweka," alisema Vedasto. "Msimamizi wa kituo ameeleza hivyo. Kwamba fundi alikuwa mzembe wa kazi, na wewe ukapata nafasi."

"Modest? Mzembe?" Erasmus alicheka bila kutaka. "Yule Mluguru alikuwa mwoga wa kila kitu! Akivuka barabara anatazama na juu."

Minza aliliandika neno 'mwoga' akilini mwake, akaliacha hapo. "Liwashe," alisema. "Fanya kama siku zote. Usiruke hatua."

Vedasto alifungua bahasha ya kielelezo, akatoa ufunguo, akausainia, akampa.

Erasmus hakuuchukua mara moja. Alifungua kwanza boneti. Betri zilikuwa zimepangwa safu, nzito, nyeusi. Alifungua vizibo kimoja kimoja akachungulia ndani, akaomba maji ya betri, akaongeza penye upungufu kwa birika dogo la plastiki. Kwenye vichwa viwili vya betri ulikuwa umeota unga wa kijani. Alikoroga magadi katika kikombe, akamimina, unga ukachemka na kutoa povu, akasugua kwa brashi, akafuta kwa kitambaa, akapaka grisi.

Minza alitazama saa. Alitembea mpaka kwenye utepe, akarudi.

"Ni lazima yote hayo?"

"Umesema nisiruke, Afande. Betri hizi ukizifanyia haraka, siku unayozihitaji zinakugeuzia mgongo."

Alipoketi kwenye kiti na kugeuza ufunguo, Minza alisubiri sauti. Hapakuwa na sauti.

"Bado halijawaka?"

"Limewaka."

Erasmus aliuvuta mpini uliokuwa kando ya usukani. Pampu ndogo ikakoroma, mkoromo wa mtu mwenye mafua, na kijiko kikapanda polepole mpaka juu ya kimo cha Vedasto. Akauachia mpini, mkoromo ukakoma. Kijiko kikabaki angani.

"Sasa zima. Nipe ufunguo."

Akampa.

"Kishushe."

Erasmus aliusukuma mpini mbele kwa vidole viwili. Kijiko kikashuka kwa uzito wake chenyewe, kimya kabisa, kikagusa mchanga kwa kishindo kidogo. Vedasto alirudi nyuma hatua, ingawa hakikuwa karibu naye.

"Kushuka hakuhitaji ufunguo," alisema Minza.

"Kushuka hakuhitaji kitu. Ni kupanda ndiko kunakohitaji umeme, na umeme unahitaji ufunguo."

"Kwa hiyo mtu yeyote angeweza kupita hapa akasukuma mpini."

"Asingeweza, Afande. Kuna gogo." Erasmus alishuka. "Jeki za Bubu zimezeeka, zinapitisha mafuta. Ukikiacha kijiko juu usiku kucha kinateremka kidogo kidogo. Ndiyo maana jioni mimi nakipandisha, Modest anasimamisha gogo chini ya mikono, mimi naondoka na ufunguo. Asubuhi kijiko kimeshalikalia gogo, limebanwa, huwezi kulitoa hata kwa nyundo. Mpaka ukiinue kijiko kwanza."

"Na ufunguo unaondoka nao kwa nini?"

"Ili mtu asikiinue. Modest ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alisema, Mnyamwezi, nenda na ufunguo wako msituni, nikusikie uko mbali, ndipo nitalala chini ya chuma hiki kwa amani."

Vedasto alikuwa akiandika. Aliacha kuandika.

"Ufunguo wa pili?" aliuliza Minza.

"Ulipotea zamani. Msimamizi alitutangazia."

*

Mwanajuma, mchuja asali, alitoka chumba cha kuchujia akiifuta mikono yake kwa kanga iliyokuwa kiunoni. Alipomwona Erasmus alisita.

"Shikamoo, mama," alisema Minza.

"Marahaba. Mnamrudisha, au mmemleta tumuage?"

"Bado sijui. Nirudie uliyoyasikia juzi."

"Si nilishamwambia huyu?" Alimnyooshea kidevu Vedasto. "Nilikuwa ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya nyuki. Nikamsikia Bubu anakoroma kidogo tu, kama kusafisha koo. Kisha Modest akapaza sauti, 'Mnyamwezi unaniua!' Kisha kimya. Kisha Bubu akakoroma tena, safari hii kwa kirefu. Baadaye ndipo msimamizi alipoanza kuita watu."

"Mkoromo wa kwanza haumo humu," alisema Minza, akigonga jalada.

"Sikuuliza," alisema Vedasto kwa sauti ndogo.

"Ulipomsikia Modest, ulifanya nini?"

Mwanajuma alikunja kanga, akaikunjua. "Nilicheka."

"Ulicheka?"

"Mwanangu, kila siku alisema hivyo! Ukimpa chai ya moto, 'Mnyamwezi unaniua.' Ukimpita karibu na ndoo, 'Mnyamwezi unaniua, mwite mke wangu.' Alikuwa mtani wa kijiji kizima. Nilisema moyoni, huyo ameanza mapema leo." Aliugeukia mlango wa chumba cha kuchujia. "Ningetoka, pengine…"

"Mnyamwezi ni nani hapa?"

"Wote. Ukinitoa mimi Mmanyema wa Ujiji, na yeye aliyetuacha."

"Pamoja na msimamizi?"

"Eustace? Huyo ni Mnyamwezi wa Ng'ambo, Tabora mjini. Tofauti yake ni viatu tu."

Mwanamke mwingine alikuwa amefika uwanjani wakati huo, mrefu, kichwa amekifunga kitambaa cheusi, wanawake wawili wakimfuata nyuma kwa wasiwasi. Hakusimama mbele ya Minza. Alikwenda moja kwa moja kwa Erasmus, na Vedasto akaweka mkono kwenye mkanda wake.

Lakini yule mwanamke alimshika Erasmus kifuani kwa shati. "Mnyamwezi. Shimo limechimbwa. Umekaa polisi unakula maharage ya serikali, mtani wako nani atamlaza?"

"Shemeji, wamenishika."

"Nimesikia wamekushika. Nauliza nani atamlaza."

Alikuwa Imakulata, mjane wa Modest. Minza alimsogelea, akampa pole ya msiba, akangoja mpaka alipoliachia shati.

"Mama, hapa kuna maneno. Kwamba Erasmus alimwambia mume wako, 'Nitakuzika kwa mikono yangu mwenyewe.' Uliyasikia?"

"Nilikuwepo! Kwenye ubatizo wa mjukuu wangu. Modest akamwambia yeye atakufa kwanza kwa sababu Wanyamwezi wamechoka tangu babu zao wabebe mizigo ya watu mpaka pwani. Huyu akajibu, 'Nitakuzika kwa mikono yangu, Mluguru, na kaburi lako nitalijaribu kwanza kama linakutosha.' Tulicheka mpaka paroko akaweka sahani chini."

"Hukuona ni kitisho?"

Imakulata alimtazama Minza kutoka kichwani hadi viatuni. "Wewe ni wa wapi?"

"Ziba."

"Halafu unaniuliza swali hilo?"

Minza aliujua utani. Kwao Ziba mtani ndiye aliyewahi kulala kaburini mwa baba yake Minza na kukataa kutoka mpaka watu walipompa kuku. Alilichukua jalada, akafungua maelezo ya shahidi wa kwanza, Eustace. Yalikuwa yameandikwa hivi: *Erasmus alimtishia marehemu hadharani kwamba atamzika kwa mikono yake.* Neno utani halikuwamo.

"Sajenti," alisema, walipokuwa wamejitenga kidogo. "Aliyekupa maelezo haya alikuwa akicheka?"

"Hapana, Afande. Alikuwa akilia."

"Alikwambia walikuwa watani?"

"Hapana." Vedasto aliyasoma maneno yake mwenyewe kwenye ukurasa. "Mimi si mtu wa huku. Ningepaswa kumuuliza."

"Wewe si mtu wa huku. Eustace ni wa huku."

*

Eustace aliwapokea ofisini kwake kwa chai iliyotiwa asali. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Dirisha lilikuwa wazi kwa nyuma, na upepo ulikuwa ukipiga pazia lililokuwa linakwenda na kurudi. Minza hakuketi.

"Samahani kukusumbua siku ya mazishi."

"Hapana, Inspekta. Sote tunataka haki ya Modest."

"Nikusomee maelezo yako, kama yana kosa urekebishe. 'Nilifika uwanjani nikakuta kijiko kimemlalia. Nikakiinua, nikamvuta, nikaita watu.' Ni sahihi?"

"Sahihi kabisa."

"Ulikiinuaje?"

Eustace alikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa. "Kwa mikono. Mtu akishtuka anapata nguvu."

"Twende nje."

Uwanjani kijiko kilikuwa bado chini. Minza alimwomba Vedasto akiinue. Vedasto alivua kofia, akainama, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Erasmus alimsaidia upande wa pili. Kijiko hakikubanduka mchangani. Watu waliokuwa wakielekea msibani walikuwa wameanza kusimama kando ya uzio.

"Nikumbuke vizuri," alisema Eustace. "Sikuinua kwa mikono. Nilichanganyikiwa siku ile. Niliunganisha waya, hapo kwenye swichi. Umeme ukapita bila ufunguo."

"Ulifungua kifuniko cha swichi?"

"Ndiyo."

Minza alipiga goti kando ya usukani. Kifuniko kilikuwa kidogo kama kiganja, na ukingo wake wote ulikuwa umezibwa kwa kitu cha rangi ya kahawia. Alikigusa kwa ukucha.

"Hii ni nini?"

"Nta," alisema Erasmus. "Modest aliziba kwa nta ya nyuki mvua za mwaka jana, unyevu usiingie. Hajakifungua tangu hapo."

Nta ilikuwa ngumu, imeshika vumbi la msimu mzima, haina ufa popote. Minza alimwita Vedasto apige picha. Vedasto alipiga, akasogea, akapiga nyingine kwa karibu zaidi. Simu ya Minza ikaanza kutetemeka mfukoni. Aliiacha.

"Bwana Eustace, kijiko kiliinuliwa. Umesema wewe ndiye uliyekiinua. Kwa mikono haiwezekani, kwa waya haikufanyika. Ufunguo mmoja ulikuwa msituni na Erasmus. Ule wa pili uko wapi?"

"Ulipotea."

"Na gogo?"

"Hakuliweka. Nilishasema, alikuwa…" Alimwona Imakulata kando ya uzio, akashusha macho. "Hakuliweka."

Minza alisimama, akajipukuta magoti. Hakutaka kumbana zaidi mbele ya watu. Alianza kuzunguka majengo, kwa sababu miguu yake ilikataa kusimama, na kwa sababu gogo la mninga refu kama mtoto wa shule mtu mwenye koti hawezi kulibeba mbali wakati mchuja asali yuko karibu kutoka nje. Alitazama kuni za jikoni; zilikuwa fito nyembamba. Alitazama chooni, kwenye shimo la takataka, chini ya tangi. Vedasto alimfuata bila kuuliza.

Nyuma ya ofisi, chini ya dirisha lililo wazi, mizinga ilikuwa imerundikwa ukutani ikisubiri kupelekwa msituni. Ilikuwa mizinga ya asili, magogo yaliyochongwa ndani yakawa matupu, kila mmoja umefungwa kamba ya magome ya miyombo na kutobolewa tundu dogo la kupitia nyuki. Minza aliinama. Matundu yalimtazama kama macho, safu juu ya safu. Upepo ulipovuma, yalitoa mluzi mwembamba.

Katika safu ya chini, karibu na ukuta, mmoja haukuwa na jicho.

Alikaa chini kabisa mchangani. Ulikuwa umefungwa kamba kama wenzake, kwa fundo la haraka. Aliugonga kwa kifundo cha kidole. Akagonga wa jirani. Wa jirani ulilia kama ngoma. Ule haukulia.

"Sajenti, vaa glavu. Tutoe huu."

Walipoubingirisha kwenye mwanga, mninga ulionekana mwekundu. Upande wake mmoja wa mwisho ulikuwa na mfereji uliochimbika kwa miaka ya kubanwa na chuma, na mfereji ule ulikuwa umejaa grisi nyeusi. Erasmus, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya jengo, alisema tu, "Ndilo."

Vedasto alitazama gogo, akatazama mizinga. "Mzinga usio na mlango," alisema. "Ungepelekwa msituni ukatundikwa mtini."

"Na nyuki wangekuwa wa kwanza kugundua," alisema Minza.

*

Ofisini alifunga mlango na dirisha. Pazia likatulia. Alimsomea Eustace onyo lake polepole: kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba atakalosema litaandikwa, kwamba anaweza kumwita ndugu au wakili. Vedasto aliketi na kalamu. Eustace alifungua kifungo kimoja cha koti, akaingiza vidole mfuko wa ndani, akaweka ufunguo mezani, kando ya kikombe. Ulikuwa na kutu kidogo.

"Niliupata kwenye droo mwezi uliopita," alisema. "Nilikuwa nikilisogeza trekta mwenyewe wao wakiwa hawapo. Ni kitu kizuri kuendesha, Inspekta. Halikusumbui."

"Juzi."

"Juzi lori la mapipa lilikuwa njiani, nalo Bubu limeziba mlango wa ghala. Nilitokea upande wa nyuma. Nikaona gunia, nikaona spana, nikadhani Modest amekwenda kunywa chai; kumbe alikuwa amelala upande wa pili, kijiko kimemficha. Nikakaa. Nikakiinua kijiko kidogo, nikashuka kulitoa gogo, nikarudi kwenye kiti. Nikasukuma mpini, kijiko kishuke kabla sijaendesha." Alikisukuma kikombe kando, na Vedasto akasimamisha kalamu. "Trekta jingine lingenguruma. Angesikia tangu mwanzo, angetoka. Bubu alikoroma mara moja tu, kisha akashusha kijiko bila kumwambia kitu."

"Lakini yeye alikwambia."

Eustace alifunika uso kwa viganja. Sauti yake ilitoka katikati ya vidole. "Alipiga kelele, 'Mnyamwezi unaniua!' Mimi nikacheka, Inspekta. Nikamjibu kwa sauti ya chini. Nikamwambia, 'Kufa basi, tule ubwabwa.' Na mkono wangu bado uko kwenye mpini."

Nyuki mmoja aliyefungiwa ndani alikuwa akijigonga kwenye kioo.

"Ile ilikuwa ajali," alisema Minza. "Ungetoka nje ukasema, ingekuwa ajali mpaka leo."

"Najua."

"Badala yake ulificha gogo, ukaficha ufunguo, halafu ukaja kwa polisi mgeni, ukachukua maneno ya ubatizo, ukayatoa kicheko, ukampa."

"Aliniuliza kama kuna mtu aliyegombana naye. Nikayakumbuka."

"Hukuyakumbuka. Mtu wa Ng'ambo hasahau utani ni nini. Ulijua mtani akisema atakuzika maana yake ni nini."

Eustace aliteremsha mikono. "Nilijua," alisema. "Andika kwamba nilijua."

Vedasto aliandika. Mwandiko wake safari hii haukuwa mzuri.

Minza alitoka nje, akaipigia simu Sikonge. Alisikiliza maneno mengi ya mkuu wake bila kuyakatiza, kisha akaeleza habari ya kijiko, ya nta na ya gogo, kwa utaratibu huohuo.

"Una uhakika?"

"Nimeandika maelezo ya onyo. Amesaini."

"Na dereva?"

"Naomba asiingizwe kwenye gari la mahabusu. Leo ana kazi."

*

Kaburi lilikuwa mwisho wa shamba la Modest, mahali ambapo njia ya zamani ya misafara ilikuwa bado inaonekana kama mkunjo mrefu kwenye nyasi, ukielekea mashariki. Katekista alikuwa amemaliza kusoma. Watu sita walilisogeza jeneza, wakasimama ghafla, kwa sababu ndani ya kaburi alikuwa amelala mtu.

"Fupi!" Erasmus alipaza sauti kutoka chini. "Limechimbwa na nani hili? Mluguru huyu ana miguu ya korongo. Mnataka alale amekunja magoti kama yuko kwenye basi?"

Mtu mmoja alicheka. Kisha wanawake.

"Toka, Mnyamwezi, tumzike mume wangu!" alisema Imakulata.

"Sitoki. Kwanza alinidai nimfundishe kuendesha. Aje aseme mwenyewe kama amenisamehe. Modest! Huyo hajibu. Kiburi kilekile!"

Imakulata alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu. Alimtupia kanga kaburini kama fidia, na Erasmus akaipokea, akajifutia uso, akatoka akiwa ametapakaa udongo mwekundu.

Minza alikuwa amesimama mbali, kando ya gari la polisi. Ndani yake, nyuma ya kioo, Eustace aliketi na Vedasto. Alikuwa ameinama mbele, akijaribu kuona kati ya migongo ya watu.

"Inspekta," alisema. "Na mimi ni mtani wake."

Minza aliweka mkono juu ya mlango wa gari. Hakuufungua, wala hakuuondoa mkono.

Jeneza liliposhushwa, kijana mmoja alimpelekea Erasmus koleo. Erasmus alilitazama, akalirudisha. Akapiga magoti ukingoni, akakusanya udongo kwa viganja vyake vyote viwili, akausukuma ndani, akakusanya mwingine. Hakuna aliyemwambia afanye haraka. Watu walishika makoleo yao wakangoja, na udongo wa kwanza wote uliomfunika Modest ulitoka mikononi mwa Erasmus, kama alivyosema.